Mnyororo Pale Paki

Miaka ile ya tisini, pale njia ya magari ilipoishia chini ya milima ya Mlele, tulipaita Paki. Gari lenyewe lilifika mara moja moja. Zilizojaa pale ni baiskeli zetu sisi warina asali, maana kutoka hapo ni kupanda kwa miguu, dumu mkononi, hadi kwenye mizinga.

Paki ilikuwa na sheria moja: hakuna kufunga baiskeli. Mama mmoja aliyeuza uji pale, kwenye kibanda chake cha nyasi, aliniambia mapema, "Mwanangu, moto wa porini ukija, aliyepo anazihamisha zote. Ya kwako nitaibebaje na mnyororo?"

Nikacheka. Nina kichwa kigumu, sikatai. Baiskeli ilikuwa mpya, jasho la misimu miwili ya tumbaku, na bila hiyo nilikuwa kibarua tu kwenye mashamba ya watu kule Kakese. Nikaifunga kwenye mti mchanga, mnyororo mara mbili, nikamwambia shemeji niliyekuja naye, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Shemeji akatikisa kichwa, tukapanda.

Tulikuwa juu tunarina, shemeji aliponyoosha kidole. Moshi, kule chini, upande wa Paki kabisa. Nilitupa dumu nikashuka mbio, miiba ikinichana, nikijua baiskeli imeshaungua. Niliogopa, sisemi uongo.

Nikakuta baiskeli zote zimelazwa kwenye udongo mtupu, na yangu imo. Imekwaruzika kidogo tu, mnyororo bado unaning'inia. Ule mti ulikuwa umekatwa kwa panga, kisiki kimechanikachanika. Nilifurahi jamani, nikaupapasa usukani kama mtu aliyefufuliwa ndugu.

Ndipo nikamwona mama amekaa chini, viganja vimejaa malengelenge. Nyuma yake kibanda kilikuwa majivu, na magunia yake ya unga yameungulia humohumo.

"Hizo nyingine nilizimaliza upesi," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ni hiyo yako iliyokula muda wa kibanda."

Nikachukua panga lake, nikaenda kukata nguzo.