Kibuyu Kwenye Geti la Mama Ndinda

Chekeni tu, mimi mwenyewe huwa nacheka nikiwa peke yangu jikoni, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze hapo hapo getini kwangu Noonkopir, hapa Kitengela, mbele ya chifu, mbele ya askari, na mbele ya wakwe waliokuja kuona kama familia ya bibi harusi ni watu wa heshima.

Yote yalianza na sufuria. Zile kubwa za kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, za kupikia harusini (moja hivi mtu mzima anaweza kuogea ndani), zilikuwa zimewekwa kwangu kwa sababu Jumamosi ilikuwa harusi ya Ndinda, binti yangu wa pekee. Asubuhi naamka, naenda nyuma ya nyumba, hakuna sufuria hata ya dawa. Nikajua nimekwisha. Akina mama wangesema nimeziuza, na wageni wa Jumamosi wangekula maombi.

Sasa mimi ni Mkamba, na mnajua vile watu wa Kitengela wanatuogopa bure. Uchawi wenyewe siujui, nimeokoka, kwaya naimba sauti ya pili! Lakini hasira, wewe! Nikachukua kile kibuyu cha marehemu nyanya yangu ambamo huwa naweka mbegu za ndengu, nikakifunga kitambaa chekundu (kipande kilichobaki cha magauni ya wasimamizi wa harusi), nikachomeka manyoya ya kuku, nikakining'iniza kwenye geti. Halafu nikaenda kwa foleni ya maji nikasema kama mtu anayejiongelesha: "Mwenye alichukua sufuria azirudishe. Tumbo yake ikianza kufura asije kuniuliza."

Basi, hiyo tu. Kufikia jioni watu wa boda boda walikuwa wanashushia abiria kule kona ili wasipite mbele ya geti langu, na mama wa mboga akahamisha meza yake bila hata kuniaga. Kusema ukweli niliringa. Niliringa mpaka Alhamisi, siku chifu alipokuja na askari, na nyuma yao nusu ya Noonkopir.

"Takwenya, mama," chifu akanisalimu Kimaasai, kwa upole ule wa kutisha, na mimi nikamjibu "iko" kama inavyotakiwa. Akaendelea: "Kuna sheria ya uchawi. Ni ya mkoloni, na mpaka leo iko. Ukitisha watu ati uko na nguvu za uchawi, hiyo ni kosa."

"Lakini chifu, mimi sina uchawi!"

"Hata ukikosa. Kujifanya ndiyo kosa."

Jamani! Nikisema ni wa kweli, naingia ndani. Nikisema ni wa uongo, bado naingia ndani. Hiyo ni sheria gani?

Na nikiwa bado natafuta jibu, gari likasimama, wakashuka wakwe kutoka Matasia, Mama Kariuki akiwa mbele. Huyo ndiye mama ya bwana harusi, mwanamke wa maombi, anakemea pepo hata kwenye chai. Akauliza kuna nini, na mtu mmoja asiye na haya akamjibu, "Ni mchawi ameshikwa." Mama Kariuki akafungua Biblia yake. Nyuma yangu nikamsikia Ndinda akianza kulia. "Mum, umeniharibia harusi." Hapo roho iliniuma, tusidanganyane.

Chifu akasema, "Afande, chukua hiyo kibuyu, ni ushahidi."

Afande akatazama kibuyu, akamtazama chifu. "Mkubwa, mimi niko na watoto wadogo."

Chifu mwenyewe akanyoosha fimbo yake akiguse, akairudisha haraka. Kuona ushahidi umekataa kubebwa, akageukia umati. "Haya, mwenye alikuja kulalamika asimame hapa, aseme alitishwa namna gani."

Akatokea Baba Sammy, jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, jasho linamtiririka, mkono juu ya tumbo. "Chifu, tangu juzi silali! Tumbo imefura, angalia! Mwambie atoe hiyo kitu, nitakufa!"

Mama Kariuki akamgeukia mama wa mboga. "Kwani huyu mama alisema itafura tumbo ya nani?"

"Ya mwenye alichukua sufuria."

Mama Kariuki akafunga Biblia yake polepole. "Sasa wewe baba, yako imefura kwa nini?"

Weee! Kabla afande hajamfikia, Baba Sammy alikuwa ameshatapika yote: "Ziko kwa karakana, chini ya turubai! Sijauza hata moja!"

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akina mama walizileta sufuria wakizipiga kama ngoma, Ndinda akacheka na machozi bado yako usoni, na mimi nikakifungua kibuyu nikamwaga ndengu mkononi ili wote waone (wanaume wazima, wale wa kupasua mawe kwari, walikimbia hadi barabarani). Chifu akanionya kwamba nikirudia atanipeleka kortini na kibuyu changu. Nilitaka kumuuliza nani atakibeba, nikauma ulimi.

Jumamosi chakula kilitosha. Watu walipanga foleni kwa adabu ambayo sijawahi kuona Kitengela, na aliyejiongezea nyama nikimtazama tu, anarudisha.

Lakini sirudii tena. Niliapa, na naapa tena mbele yenu. Hata Mama Kariuki aliponivuta nyuma ya hema, akaninong'oneza ati kule Matasia kuku wake wanapotea kila wiki, na kama naweza kumwazima kile kibuyu kidogo tu, nilikataa katakata.

"Mama Kariuki, sheria iko. Ulisikia chifu."

"Nilisikia," akasema, akiangalia huku na huku. "Hata sitaki kibuyu. Nauliza tu, hicho kitambaa nyekundu mlinunua wapi?"

Nikamwelekeza dukani.