Pampu ya Mafuta na Mama Mkwe

Gari langu ni la kabureta, na kwa miaka mingi nimelitetea kazini kama mtu anavyomtetea ndugu yake mlevi. Wenzangu walinunua magari yenye kompyuta. Mimi niliwaambia kwamba siku kompyuta hizo zikigoma watanitafuta. "Gari hili halina siri," nilikuwa nikisema. "Ukiwa na spana na bisibisi unamalizana nalo mwenyewe." Spana nilikuwa nazo. Bisibisi pia.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, likaanza kuzimika kwenye miinuko. Nikabadili plagi. Likazimika. Nikafungua kabureta, nikaiosha kwa petroli ndani ya beseni la mke wangu, nikaifunga, skrubu moja ikabaki. Nilimweleza mke wangu kuwa viwanda huweka skrubu za ziada. Aliangalia beseni lake.

Wakati huo mama yake alikuwa kwetu mjini, Nkuhungu. Alikuwa ametoka kijijini kwake Haneti kuja kutolewa mtoto wa jicho hospitalini, na jicho la kushoto lilikuwa bado limefunikwa. Ni mjane, mtu wa maneno machache, na kwa heshima ya ukwe hakuwa akisema nami moja kwa moja. Tukiwa meza moja alimwambia binti yake, "Mwambie mwenzio chai inapoa." Nilikuwa nimesikia, lakini nilisubiri niambiwe, ndipo nikajibu, "Mwambie mama ahsante." Tuliishi hivyo wiki mbili, kwa amani kabisa.

Daktari alipomruhusu kurudi kwake alimpa masharti: asiiname, asikae kwenye moshi wala vumbi. Mke wangu akapendekeza basi. Nikasema mama hawezi kupanda basi wakati mkwe wake ana gari.

Tulikwenda vizuri zaidi ya nusu ya njia. Nilikuwa katikati ya kueleza jinsi injini za zamani zilivyo imara, tukafika kwenye mwinuko, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Pande zote ilikuwa mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa na jua la saa sita. Nilishuka, nikafungua boneti, nikasimama mbele yake kwa sura ya mtu anayejua.

"Ni joto," nilimwambia mke wangu. "Likipoa litawaka."

Lilipoa. Halikuwaka. Nikasema basi ni kabureta, nikachukua bisibisi.

Mama mkwe alikuwa ameshuka, amesimama upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Alinusa. "Mwambie mwenzio kabureta aiache," alisema. "Aangalie pampu."

"Mwambie mama pampu ya gari hili ni chuma kitupu, haina cha kuharibika," nilijibu, nikarudi kwenye usukani nipige selfu kwa mara nyingine.

"Usiwashe!" Sauti hiyo sikuwahi kuisikia. "We baba, unataka kutuchoma moto?"

Nikaachia ufunguo. Alikuwa ameniambia mimi mwenyewe, na kwa kelele. Mke wangu alitazama pembeni. Mimi nilishuka, nikainama alipoonyesha kidole. Ubavuni mwa injini, chini ya pampu, petroli ilikuwa ikidondoka taratibu, na kipande kile cha injini kilikuwa kimelowa chote.

"Ndani yake kuna mpira," alisema. "Kuna mkono unaosukumwa na injini, unaupandisha na kuushusha ule mpira, ndiyo mafuta yanavutwa. Ukipasuka, mafuta hayafiki kwenye kabureta. Yanamwagika."

"Mama umejulia wapi?"

"Si tulikuwa na mashine ya kusaga."

Nilijua habari za mashine ile. Marehemu baba mkwe alijulikana nayo. Mpaka leo ukifika Haneti ukimtaja, watu wanasema alikuwa fundi wa ajabu.

"Kwa hiyo mzee alikufundisha," nilisema.

Alifikiri kidogo. "Yeye alikuwa anaongea na wateja," alisema. "Spana nilikuwa nashika mimi."

Binti yake aligeuka akamtazama kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

Kwa kuwa geji yangu ya mafuta ilikufa zamani, huwa natembea na dumu la akiba na mpira wa kunyonyea. Mama mkwe aliniamuru nitoe bomba linaloleta mafuta kwenye pampu, nilizibe kwa kijiti, nifute kila palipolowa, nisubiri pakauke. Kisha dumu nikalifunga juu ya keria, mpira nikaushusha kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye kabureta, mafuta yawe yanateremka yenyewe. Alisimama wima muda wote, mikono nyuma, kama daktari alivyoagiza. Nilipotaka kukaza klipu kwa bisibisi kubwa alisema tu, "Ndogo." Nikachukua ndogo. Gari likawaka kwa selfu ya pili.

Tuliingia Haneti mwendo wa baiskeli, boneti nusu wazi, dumu la njano juu na mpira ukining'inia. Ndugu na majirani walikuwa wanamsubiri mgonjwa wao. Shangazi mmoja wa mke wangu alitutazama tukipaki, akauliza kwa huruma ya kweli, "Jamani, hiyo dripu ni ya mama au ya gari?"

Kesho yake nilipanda basi kurudi mjini kununua pampu, basi lile lile nililolikataa. Muuzaji wa kwanza alinionyesha pampu ya umeme. Wa pili alinionyesha picha ya pampu ya umeme. Wa tatu, mzee mwenye duka la vumbi, alinitazama kwa mapenzi, akaingia nyuma, akarudi na pampu yenye mkono wake, imefungwa kwenye gazeti.

Nikarudi nayo Haneti. Kuifunga ni bolti mbili tu, na bolti mbili hizo zilinichukua asubuhi nzima. Mkono wa pampu unaingia ndani ya injini mahali pasipoonekana, na kila nilipousukuma ulinirudishia. Nikasukuma kwa nguvu, nikapasua gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya pampu na injini. Mama mkwe, akiwa kwenye kiti kibarazani mbali na vumbi, alimtuma mke wangu alete boksi gumu. Tuliligandamiza kwenye uso wa pampu wenye oili, likaacha alama, tukakata gasketi mpya kwa mkasi wa kushonea.

"Sasa usisukume," aliniambia. "Izungushe injini kwa spana kidogo kidogo mpaka mkono ulegee. Pampu itaingia yenyewe."

Nikazungusha. Ikaingia kwa vidole viwili. Nilitamani iwe ngumu zaidi.

Nilipopiga selfu, injini ilizunguka kavu kwa muda, ikavuta, ikanguruma. Majirani waliokuwa wamejikusanya wakapiga makofi. Mzee mmoja akanishika mkono uliojaa grisi. "Haneti tumepata fundi mwingine," alisema. "Umerithi kwa mkweo."

Hapo niliona niseme kweli. "Shikamoo mzee. Hapana, ametengeneza mama."

Walicheka sana. Wakamtazama mama na bandeji yake jichoni, wakacheka tena. "Mkwe ana adabu huyu," walisema. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo adabu yangu ilivyozidi kuwapendeza. Mke wangu naye alieleza, wakamwambia ni vizuri mke kumuunga mkono mumewe.

Mimi nilikasirika kwa niaba ya mama mkwe. Yeye aliniletea sabuni na maji ya kunawa, akasema kwa sauti ya chini, "Waache. Mwenyewe nilishazoea."

Hilo ndilo lililoniuma, na ndilo nililowaza njia nzima kurudi Nkuhungu, kwenye miinuko ile ile, gari likipanda bila kukohoa.

Bandeji ilitolewa, mama anaona vizuri. Siku hizi ananipigia mimi moja kwa moja. Anauliza watoto, anauliza kama pampu inavuja, halafu, kama salio linaruhusu, ananiuliza na mimi hali yangu.