Mguu wa Kushoto wa Mama

Kwetu, kwenye milima juu ya mji wa Lushoto, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka za mchungaji. Watu hutoka nje, husimama mteremkoni, na zile sadaka zisizo pesa hunadiwa: mafungu ya karoti, mapeasi, miwa, kuku aliyefungwa miguu. Mnunuzi anaweza kubeba chake nyumbani, au akampa zawadi mtu anayetaka kumheshimu. Mwaka niliorudi na shahada yangu kutoka chuo kikuu, mzee wa kanisa aliinua jogoo mwekundu akasema, "Huyu tumnunulie daktari wetu!" Watu wakachangishana papo hapo, vigelegele vikapigwa, jogoo akakabidhiwa mdogo wangu wa kike.

Mimi sikupewa hata karoti.

Kwa cheti chake, mdogo wangu ni tabibu wa zahanati ya kata, si daktari. Nilimweleza hivyo mwanamke mmoja aliyesimama karibu nami, akanitazama kama mtu aliyecheka msibani. Mcheza kwao hutunzwa, na aliyebaki kucheza kwao alikuwa yeye. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nashika namba za juu, yeye akiazima madaftari yangu. Sasa wazee walimpisha njiani, na mimi niliulizwa kama nimeshapata kazi.

Nilikuwa nimesomea kinesiolojia, elimu ya jinsi mwili unavyotembea, unavyoinama na kubeba. Niliweza kukutajia kila msuli unaofanya kazi mwanamke anapopanda kutoka bondeni na mzigo wa kuni kichwani. Lakini shahada ile peke yake hainiruhusu kumtibu mtu. Ili niingie hospitalini ilinibidi nichague njia na kuanza upya: udaktari, uuguzi, au fiziotherapia, ile tiba ya kurudisha viungo kazini.

"Hasa hasa umesomea nini?" baba aliniuliza.

"Mwendo wa mwili, baba."

"Kutembea?"

"Namna mtu anavyotembea."

"Mwanangu, huku kwetu mtoto wa mwaka mmoja anajua." Akacheka mpaka akajifuta macho. Wiki ile ile akanitafutia kibarua cha kuwaongoza wageni wanaopanda kwenda kutazama bonde kule Irente, maadamu, alisema, ndiyo taaluma yangu.

Basi nikaamua nitasomea udaktari. Sikuwa na wito wowote. Nilitaka siku moja daktari kamili asimame kando ya mdogo wangu pale mnadani, watu waone tofauti. Nikanunua kitabu cha kemia, nikaanza kungoja dirisha la maombi ya vyuo lifunguliwe.

Kabla halijafunguliwa, mama akapata kiharusi. Alikuwa anamenya viazi, kisu kikamponyoka, mdomo ukapinda. Mdogo wangu alimtazama mara moja tu, akapiga simu kuita gari, na kabla ya jua kupanda mama alikuwa kitandani hospitalini. Aliokoa maisha yake. Hilo silipingi, na hata hilo liliniuma, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika sufuria.

Mama alirudi nyumbani akiwa na mkono na mguu wa kushoto dhaifu. Hospitalini walitwambia asilazwe muda mrefu, atembezwe kila siku. Tuliitikia kwa heshima, kisha tukafanya tunavyofanya kwetu. Mzazi akiugua, watoto humlaza, humlisha na kumfunika. Akionekana anajikongoja uani, majirani husema watoto wake wamemtupa. Wageni walikuja na uji na mayai, wakamtengenezea mito, wakatusifu kwa kumtunza, na mguu uliotunzwa hivyo ukawa unakonda machoni petu. Mdogo wangu alilijua kosa hilo kuliko wote. Lakini alishinda zahanati, tena hakutaka isemwe kwamba daktari wa kijiji anamtesa mama yake.

Mimi sikuwa na jina la kulilinda. Nilianza kumsimamisha nyuma ya jiko, mahali ambapo migomba inatukinga na njia. Nilimfunga khanga kiunoni, nikaikunja ngumini, nikasimama upande wake dhaifu, goti langu likiegemeza lake. Mama alilia. Alinitukana kwa Kishambaa maneno ambayo sikujua kwamba mke wa mzee wa kanisa wa zamani anayajua.

Jirani aliyekuja kurudisha ungo alitukuta hivyo, mama akitiririka jasho. "Yesu wangu! Mgonjwa anapigishwa kwata!"

Kufikia jioni mlima mzima ulikuwa na habari. Baba aliniambia niache. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini. "Mwacheni dada," alisema. "Anajua anachofanya." Baba akakubali mara moja. Nilipaswa kushukuru, lakini nilichosikia mimi ni kwamba elimu yangu ya miaka yote ile ilihitaji kudhaminiwa na yeye. Usiku ule sikula chakula.

Tuliendelea. Mama alifika kwenye kizingiti, kisha kwenye banda la ng'ombe, kisha kwenye njia yenyewe, ile nyekundu inayoteleza. Asubuhi moja nilihisi goti lake likikaza lenyewe chini ya kiganja changu, bila msaada wangu, nikapiga ukelele mpaka ng'ombe akageuka. Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba kitabu cha kemia kilikuwa kimelala muda mrefu, na sikuwa nimekikumbuka. Nikajiambia, ni fiziotherapia.

Jumapili iliyofuata mama alikwenda kanisani kwa miguu yake. Alisimama mbele ya watu kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, kisha akasema, "Na binti yangu daktari, aliyenirudisha duniani." Akakaa. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, khanga yake ingali imekunjwa ngumini mwangu. Pale kwenye benchi nikarudi kwenye udaktari. Liwalo na liwe, nitasoma hata nizeeke.

Mvua ilikuwa imenyesha wakati wa ibada. Tulipotoka, watu wote wakiangalia, mdogo wangu akamshika mama mkono ili wateremke pamoja. Hatua chache tu, mama akakakamaa, akamng'ang'ania shingoni, nusura wote wawili waserereke hadi kwenye shamba la watu.

"Mwite dada yako," mama alisema kwa hofu. "Wewe utaniua."

Nilifurahi. Nilifurahi sana, nikateremka taratibu makusudi ili mama aendelee kuogopa kidogo. Nilipomshika, mwili wake ulilegea ukanipa uzito wake wote, na mdogo wangu akabaki nyuma kashika Biblia tatu na viatu vya mama. Uso wake niliufahamu vizuri, maana nimeuvaa mwenyewe.

Jioni hiyo nikatuma maombi ya fiziotherapia. Sijui kama ulikuwa wito au ni ule uso wa mdogo wangu. Nilipata nafasi, katika chuo kilicho mbali na milima hii, na ndipo nilipoelewa nilichochagua. Nikiondoka, mama angerudi kitandani na majirani wangemtengenezea mito. Mtu pekee ambaye hakuna angethubutu kumkataza kumtembeza alikuwa mdogo wangu. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, ilinibidi nimpe.

Wiki ya mwisho nilimfundisha. Simama upande dhaifu. Kwenye mteremko tangulia chini yake kidogo. Usimshike mkono, shika khanga ya kiunoni. Usimvute, mngoje. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo pia liliniudhi. Kila alipokosea nilipata faraja, na kila alipopatia nilimwambia, "Ndivyo," huku meno yameumana.

Asubuhi niliyoondoka walinisindikiza mpaka penye njia panda, kisha wakashika njia ya kurudi nyumbani, inayoteremka. Nilisimama na begi langu nikiwatazama. Mama alitia mguu wa kushoto, akangoja, akatia wa kulia. Mdogo wangu alikuwa chini yake kidogo, khanga ngumini, kila kitu sawasawa. Walifika kwenye kona. Nilitaka mama ageuke anitazame mara moja tu.

Hakugeuka. Ni mimi niliyemfundisha kwamba kwenye mteremko hatugeuki nyuma.