Singa za Nguruwe kwenye Shavu la Baba

Nataka jambo hili lielezwe kama lilivyotokea, kwa sababu limekwisha kusimuliwa vibaya, hata kanisani. Si kweli kwamba nilimfokea msichana wa duka. Niliyemfokea ni mwanamume, na alistahili.

Baba anaishi nami Muthangari tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka. Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa, kabla jua halijatua, chakula huwa kimepikwa, viatu vimeng'arishwa, na ndevu za mzee zimenyolewa. Kazi hiyo ya mwisho ni yangu. Kwa kuwa ngozi yake imekuwa nyembamba na povu la kopo humwasha, niliamua kumnunulia brashi ya kunyolea, ile ya kizamani, pamoja na sabuni ya kibakuli.

Nilikwenda Karen, mtaa wa matajiri, kwenye duka la vifaa vya kunyolea ndani ya jengo moja la maduka. Kabla ya kulipa niliuliza swali moja, wazi kabisa: singa hizi ni za mnyama gani? Nilikuwa na sababu. Baba hajala nguruwe wala kumgusa tangu abatizwe akiwa kijana; akikaribia bucha inayouza nyama hiyo, huvuka barabara. Muuzaji, aliyevaa aproni ya ngozi kana kwamba ni fundi, hakusita.

"Farasi, mzee. Mkia wa farasi. Wanakata tu kama nywele, farasi anaendelea na maisha yake."

Nikamwamini. Ijumaa baada ya Ijumaa nilimpaka Baba povu kuanzia sikio hadi kidevu, naye alifumba macho na kusema kwamba farasi huyo lazima alikuwa mnyama mpole.

Sabuni ilipokwisha, nilirudi. Msichana wa kaunta, akinifungia nyingine, aliuliza kwa nia njema:

"Na brashi huwa unailoweka kwanza? Singa za nguruwe ni ngumu, zinataka maji moto zilainike."

"Yangu ni ya farasi."

"Ya farasi hatujawahi kuleta, mzee. Hizi zote ni nguruwe. Zile za bei kali pale juu ni za mnyama wa Ulaya anayechimba mashimo, kama nyegere hivi. Lakini farasi, hapana."

Mwenye aproni alikuwa papo hapo, akikunja taulo.

"Wewe uliniambia farasi," nikamwambia.

"Mzee, wateja wa huku wanapenda kusikia mnyama hakuchinjwa. Wengine wanafuga farasi. Ukiwatajia nguruwe, maswali hayaishi."

"Mimi sikuuliza kama alichinjwa. Niliuliza ni mnyama gani."

"Sasa si ni brashi tu? Kwani ulikuwa unaikula?"

Mteja mmoja akacheka. Hapo ndipo nilipopaza sauti, na sioni haya. Nimekaa nyuma ya kaunta ya serikali maisha yangu yote ya kazi. Nisipojua jambo, nilisema sijui, kisha nikaenda kuuliza. Mtu anayetaka kujua kitu kimetoka wapi ana sababu yake, na si kazi ya muuzaji kumkisia sababu hiyo kisha kumpikia jibu tamu. Mwenye aproni alinipa brashi ya nailoni bure. Niliiacha hapo kaunta, na sabuni yake pia.

Mke wangu alinishauri ninyamaze. Jumamosi hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana, na Baba alikuwa ameingoja kwa hamu ya mtu asiyejua kama ataiona nyingine.

"Ukimwambia, haendi," alisema. "Tupa hiyo brashi, nunua nyingine, basi."

Alisema kweli: hangekwenda. Lakini nikinyamaza, nitakuwa muuzaji wa pili. Ijumaa alasiri nilimweleza Baba yote.

Akauliza, "Povu lilikuwa linafika mdomoni?"

"Lilikuwa linafika."

Akajifuta midomo kwa kitambaa, mara mbili tatu.

"Baba, hukujua. Mtu hahukumiwi kwa asilolijua."

"Hayo ya kutojua ni ya huko serikalini kwenu, kijana wangu. Mimi sikuajiriwa huko."

Kesho yake alibaki nyumbani, ndevu nyeupe zimemjaa kidevuni. Nilikwenda peke yangu. Mzee wa kanisa aliponiuliza habari zake, nilimweleza ukweli. "Kwa ajili ya brashi tu?" akasema, akitabasamu, na nikasikia sauti ileile ya Karen, sasa ikitoka ndani ya suti nyeusi. Kama ningemjibu, leo kungekuwa na mengine ya kusahihisha.

Wiki nzima Baba hakutaka kunyolewa. Ijumaa iliyofuata aliniita mwenyewe. Alikuwa ameketi dirishani, taulo mabegani.

"Tumia kiganja," alisema. "Hicho najua kilikotoka."

Nikasugua sabuni ya kipande mikononi, nikampaka mashavuni, nikiepuka midomo. Nikachukua wembe. Ulipogusa tu chini ya sikio, alirudisha kichwa nyuma.

"Weka chini. Mkono wako bado una hasira."

Nikaweka chini. Jua lilikuwa limekwisha kushuka usawa wa ua wa jirani, na povu lilianza kumkauka usoni.

"Sasa je?" nikauliza.

"Bado."