Mkorosho Uko Wapi Humu?

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Jana ulipokuja kunisomea maneno ya Kiingereza uliyoyakariri kwenye simu, magumu magumu, huku unasubiri nikusifu, sikukusifu. Nilimwona mama yako ndani yako, alivyokuwa msichana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya Lindi yanaanza kujaa na wanunuzi wa korosho wanapigana vikumbo vijijini. Mimi wa Rutamba na mama yako Rehema wa Milola tulikaa dawati moja, kidato cha nne. Baba yake alishamwambia: akifaulu, anaendelea na masomo, akifeli, anarudi nyumbani na mchumba yupo. Mjomba wake akamletea kamusi nene ya Kiingereza kutoka Dar es Salaam. Sasa Rehema chuoni alikuwa hodari wa kuhifadhi Kurani, akadhani na Kiingereza kinahifadhiwa vivyo hivyo. Akaanza na herufi ya kwanza. Kwenye foleni ya maji anakariri, akipepeta mchele anakariri. Wenzetu wakampachika jina la Profesa, naye, maskini, akalipenda.

Mwalimu wetu wa jiografia, Mzee Chilumba, mtu wa Rondo, akatupa swali: kwa nini mikorosho haizai kama zamani? Jamani, swali hilo si lilikuwa la Rehema! Alishanieleza kwa Kiswahili mpaka nikachoka: ugonjwa wa ubwiri unga unavyopaka maua weupe, maua yanavyokauka, baba yake anavyopata dawa ya salfa ya kupuliza wakati maua yameshakufa. Sababu anazo, matokeo anayo. Lakini kwenye karatasi alipanga maneno ya kamusi, kama mtu aliyevaa nguo zote za sandukuni kwa mpigo.

Mwalimu akasoma, akavua miwani.

"Binti yangu, mkorosho uko wapi humu?"

"Shikamoo mwalimu. Nimetumia maneno ya kitaaluma."

"Marahaba. Neno la kitaaluma lina kazi, Rehema. Niambie nini kilisababisha nini, nini kikafuata, na wapi huna hakika. Tafuta maneno ya kazi hizo, uyatumie kwenye shamba la baba yako. Machache tu kwa wiki."

Tulipotoka nje akabetua midomo. "Machache? Mzee huyu anataka kunirudisha shule ya msingi!"

Nilimsihi, mwanangu. Nilimwambia tuandike pamoja kila jioni, aya moja moja, kisha tukosoane. Mimi nikaandika, yeye akakariri. Sikio la kufa halisikii dawa.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, mimi nilipata nafasi ya kidato cha tano. Jina la Rehema halikuwemo. Nililia kwa hasira, maana kwa akili alinishinda, hilo nakuapia. Akarudi Milola, akaolewa, akazaa, na wewe kitindamimba wake ukaja. Usinikunjie uso, kuzaliwa kwako ni heri. Nasema tu kwamba alikuwa na jibu lote kichwani, akalifukia mwenyewe.

Basi nisikilize, maana sipendi kusema mara mbili. Kukariri si dhambi. Hata chuoni, ukishahifadhi, mwalimu hukurudisha kwenye maana. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Chukua maneno yanayokukuta kila somo: ya kulinganisha, ya kudai, ya kuthibitisha, ya kupinga kwa adabu. Yaangalie yanakaa karibu na maneno gani kitabuni. Kisha eleza nayo jambo unalolijua, ukianza kuliwaza kwa Kiswahili kama huna njia nyingine, wala hakuna aibu. Mpe mtu akukosoe. Akikukosoa, usibetue midomo.

Juzi mama yako alinipigia simu. "Mwenzangu," akasema, "mwanangu usimuulize ameshika maneno mangapi. Muulize ameeleza nini." Miaka yote hii hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Nenda kaniandikie aya moja, fupi, uniletee kabla ya magharibi. Mwenyezi Mungu akufungue akili na ulimi, akujaalie ufike pale mama yako alipostahili kufika. Na akupunguzie ubishi, maana huo umeurithi wote. Amina.