Abiria wa Tisa

Nathanaeli, baba yake Regina, aliendesha basi la Newala kwenda stesheni ya Masasi, siku za treni tu. Breki za gari lile alizijua kama mtu ajuavyo jino lake bovu, kwa hiyo kwenye mteremko mkali abiria wote walishuka, wakatembea nyuma, wakapandia chini. Wakati wa kurudi walitembea tena, wakapandia juu. Yeye kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa. Treni haisubiri mtu, naye alijisifu kwamba hajaikosa hata mara moja. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Asubuhi moja ya ukungu walishuka tisa, wakapanda tisa, akatia gea. Laiti angetazama nyuso. Wa tisa alikuwa mchuuzi wa mihogo aliyedandia njiani. Aliyeachwa ni Bi Stamili, mwenye mguu mbovu, aliyekuwa akimpelekea mwanawe Lukmani korosho za kukaanga kabla hajaondoka kwenda mashamba ya mkonge. Lukmani alichungulia dirishani mpaka treni ikapinda. Kesho yake, basi likirudi, mama alikutwa kando ya barabara, amekufa, kifurushi kikiwa mapajani.

Hakuna aliyemwandikia Lukmani. Ndugu walisema, aliyemwacha mama ndiye atakayemwambia mwana. Tangu hapo, kila ukungu ukitanda mteremkoni, Nathanaeli alihesabu kichwa kimoja zaidi. Akitazama nyuso, aliyezidi haonekani. Aliogopa sana, na hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata Lukmani alishuka kwenye treni, begi jipya mkononi.

“Shikamoo, Baba Regina. Mama hajambo?”

“Marahaba. Panda, mwanangu. Tutaongea huko juu.”

Njia nzima aliyapanga maneno, yakapanguka. Walipofika mlimani ukungu ulikuwa mzito. Abiria wanane wakashuka, wakaanza kupanda kwa miguu.

Juu alihesabu saba, na safari hii alitazama kila uso. Lukmani hayumo. Alipokaribia kupiga honi, kijana akatokea ukunguni, anatabasamu, kashika kifurushi. Harufu ya korosho ilijaa garini, bado za moto.

“Mama kaja kunipokea,” Lukmani alisema. “Anakuja polepole, mguu wake ule ule. Amesema leo umsubiri.”

Nathanaeli alizima injini.