Sawa ya Rula

Ninachowaandikia hapa hamtakiamini, na sijali. Hata mke wangu hakukiamini, na yeye nimeshamwaminisha makubwa zaidi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, mtunza uwanja wa shule, alimnyamazisha fundi mzima kwa rula ya mtoto wa darasa la pili.

Siku hizi wanamwita Rula. Zamani walimwita Mama Trekta, maana lile trekta dogo la kukatia nyasi alilipangusa kila jioni kuliko alivyowahi kumpangusa mumewe. Balaa lilianza nyasi zilipotoka ngazi-ngazi: upande mmoja zimenyolewa hadi udongo, upande wa pili zimebaki kama nywele za mtu aliyemkimbia kinyozi.

Fundi akaitwa. Akajilaza kwenye kokoto za uani, akachungulia lile bakuli la chuma linalofunika visu tumboni mwa trekta, akakaza nati mbili tatu.

"Iko sawa," akasema. "Ikikata vibaya tena, ujue imechoka. Uzeni chuma chakavu."

Ikakata vibaya tena. Mwalimu mkuu akaamua: Ijumaa lori lije kulichukua, na mpwa wangu arudi kufagia korido, kazi aliyoifanya miaka sita kabla ya kuaminiwa usukani.

"Haliondoki," akasema mpwa wangu.

"Nani kasema?"

"Mimi ninayelikalia. Mwite na huyo fundi wako aje aone."

Alhamisi asubuhi, mbele ya mwalimu mkuu na fundi, akalisukuma hadi ndani ya ukumbi, penye sakafu iliyonyooka kuliko pote pale shuleni. Akachomoa waya wa plagi injini isije ikawaka, kwa kuwa vidole vyake bado anavipenda. Halafu, kabla ya kugusa nati yoyote, akapima upepo. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limelegea.

"Fundi, hili ulilipima?"

"Dada, tairi linakata nyasi?"

"Tairi likilegea trekta linainama, na visu vinainama nalo. Wewe umepima kwa jicho, juu ya kokoto, mashine ikiwa inachechemea. Hiyo ni sawa ya mdomo. Mimi nataka sawa ya rula."

Akajaza upepo. Akavaa glavu, akageuza visu vielekee kushoto na kulia, akapima toka ncha hadi sakafu. Kulia kulikuwa juu kwa sentimita nzima! Akazungusha nati ya fimbo inayoning'iniza bakuli, akapima, akazungusha tena, hadi pande zote mbili zikalingana. Kisha akaelekeza visu mbele na nyuma, akaishusha ncha ya mbele milimita tano.

Fundi akacheka. "Si ulitaka sawa wewe? Mbona unaiinamisha?"

"Kushoto na kulia, sawa. Mbele na nyuma, sawa ni kosa. Kisu kikate kikiwa mbele, kisirudi kuzichana nyasi zilezile kikipita nyuma. Imeandikwa kwenye kijitabu cha trekta."

"Kijitabu kipi?"

"Kile ulichokikalia juzi usichafue suruali."

Mwalimu mkuu akakohoa, nadhani kuficha kicheko. "Kata mistari miwili tuone. Ikiwa ngazi, lori linakuja."

Mpwa wangu akarudisha waya, akapanda, akatoka na kidevu juu. Akakata mmoja, akageuka, akakata wa pili ubavuni mwake. Mwalimu mkuu akachuchumaa, akapitisha kiganja, akaitafuta ile ngazi ya juzi. Hakuiona. Akampigia simu mwenye lori palepale, asije. Fundi akakusanya spana zake, na wanafunzi mia tano wakambeba mpwa wangu juujuu pamoja na trekta lake, nami kwa mkono wangu huu nikaviringisha yai toka goli hadi goli bila hata ku—

"Mjomba, yai gani? Siku ile ulikuwa kitandani na jino lako, shavu limevimba! Na rula ilikuwa yangu, si ya mtoto wa mtu. Hiyo yote ni sawa ya mdomo. Lete kalamu hapa."